YAH: Mtaro, barabara na eneo la wazi la mradi wenu wa Goba

Kwenu menejimenti,

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu wa ile nyumba ya vyumba vitatu kule Goba, upande wa mteremkoni. Malipo nishamaliza na risiti zote ninazo, kwa hiyo msije mkaanza na lile swali lenu la "unadaiwa shilingi ngapi".

Nyumba yenyewe sina ugomvi nayo, paa halivuji na fundi wenu wa vigae kazi anaijua kwa kweli. Shida iko nje ya geti. Siku ya kutuuzia afisa mauzo wenu alitutembeza na ramani mkononi, huku barabara, huku mtaro wa maji ya mvua, na pale juu kwenye kona eneo la wazi la watoto kucheza. Barabara mpaka leo ni ile ile iliyopitishwa greda mara moja, mvua ikipiga ni makorongo, bajaji inakushusha kule lami unapanda na mizigo yako. Mtaro hakuna. Na eneo la wazi jamani mmelikata viwanja! Kimoja mshauza, vingine mmevibandikia bango. Aliyenunua kashajaza kifusi na kupandisha ukuta, yeye simlaumu, kalipa hela yake kama mimi.

Sasa pale ndo maji yalipokuwa yanapita. Goba ni vilima, maji ya juu lazima yashuke bondeni, mmeyaziba njia, kwa hiyo masika hii yakawa yanagonga ule ukuta, yanakata kona, yanakuja kwetu. Mwezi wa nne yamepita chini ya geti langu yakaacha mchanga mpaka ngazi ya kwanza ya kibaraza, chemba ya choo ikajaa ikaanza kurudisha ndani, harufu yake sitaki hata kuielezea. Jirani yangu wa chini, mama mtu mzima anayeishi na wajukuu, fensi yake ya tofali imelala upande mzima. Viroba vya mchanga tumechangishana wenyewe kwenye grupu la wasapu.

Nikipiga simu naambiwa barabara ni suala la TARURA, yaani wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. TARURA wameingiaje hapo wakati mkataba unasema miundombinu ya ndani ya mradi itakamilishwa na muuzaji, na muuzaji ni nyie? Na eneo la wazi kwenye ramani iliyopitishwa halibadilishwi matumizi kimya kimya, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka kibali cha mamlaka ya upangaji. Kama kibali mnacho tuonyesheni, mbona rahisi tu.

Tunachotaka: mtaro uchimbwe na kalavati liwekwe kabla ya vuli, barabara imwagwe moramu na kushindiliwa, fensi ya yule mama mjenge nyie, na hivyo viwanja vilivyobaki msiuze. Mpaka mwisho wa mwezi huu kama kimya, tunaenda mipango miji Manispaa ya Ubungo na baada ya hapo Baraza la Ardhi na Nyumba, mwenyekiti wa mtaa keshatuandikia barua.

Nijibuni kwa maandishi, simu zenu za "tunalifanyia kazi" nimezichoka.

Mteja wenu,
nyumba ya mwisho kabla ya bonde
(nakala za mkataba, ramani na picha nimeambatanisha)