Kuzima apdeti za Windows si dawa ya bando

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua tuseme na wenye steshenari, makarani wa vyama vya msingi vya korosho, wahasibu wa shule na wenye maduka wa Mtwara na Lindi wanaofanyia kazi kompyuta za Windows. Kuna mazoea yamekomaa huku kwetu. Mtu akinunua laptopu ya mtumba, ombi lake la kwanza kwa fundi ni "nizimie hizo apdeti, zinanilia bando." Fundi anazima, anapokea chake, wanaagana.

Kilio cha bando ni cha kweli. Sasisho la mwezi mmoja la Windows 10 ni mamia ya megabaiti, na la Windows 11 toleo la 24H2 ni gigabaiti kadhaa. Ofisi yenye mashine kumi zinazokula hotspoti ya simu moja italipia faili lilelile mara kumi. Lakini faili hilo hupakuliwa mara moja tu, hata kwa simu usiku bando likiwa rahisi, likatiwa kwenye flashi na kuzungushwa mashine zote kumi. Kuzima ni kujiachia tundu wazi. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho MS17-010, na tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry, kinachofunga mafaili na kudai fedha, kikapita kwenye tundu ambalo sasisho hilo liliziba. Kompyuta nyingi zilizofungiwa mafaili siku ile zilikuwa na dawa yake kwa karibu miezi miwili, hakuna aliyezinywesha.

Anayetaka Windows iache kujivutia mambo yenyewe, asiguse huduma ya masasisho. Aingie kwenye mipangilio ya Wi-Fi anayotumia, afungue sifa za mtandao huo, awashe kitufe kilichoandikwa "Metered connection". Kwa kitufe hicho kompyuta inajua kwamba data inalipiwa, na masasisho makubwa yanasubiri mpaka mwenyewe aamue. Kitufe kinashika kwa kila Wi-Fi peke yake, hivyo ukibadilisha simu ya hotspoti au ukabadilisha jina lake, unawasha tena. Hapa ndipo wengi wanapodhani mpangilio umekataa kufanya kazi.

Tatizo la kuzima huduma yenyewe ni kwamba inakufungia hata mlango wa kuweka kwa mkono. Faili la .msu, yaani faili la sasisho la kuweka kwa mkono, linapobofywa linaitegemea huduma hiyohiyo, ambayo jina lake kwenye amri ni wuauserv. Ikiwa imezimwa utapata kosa 0x80070422, na hapo mtu anatupa faili akidhani ni bovu. Fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi (bofya kulia, chagua "Run as administrator"), andika sc config wuauserv start= demand, halafu net start wuauserv. Angalia vizuri: baada ya alama ya = kuna nafasi, kabla yake hakuna. Ukiikosa nafasi hiyo amri inaweza kukataa.

Sasa faili lenyewe. Kabla ya kupakua chochote, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver. Kadirisha kadogo kitakuambia toleo, kama 22H2, na namba ya muundo, kama 19045. Viandike. Kisha angalia kwenye sifa za mfumo kama prosesa ya mashine ni ya aina ya x64, x86 au ARM64. Laptopu nyingi zilizoko madukani ni x64, ila usikisie. Pakua kutoka catalog.update.microsoft.com na si kwingine kokote. Tovuti zinazojitangaza kuwa na "apdeti za haraka" ziacheni, hizo ndizo zinazoleta virusi kwa jina la dawa.

Masasisho ya mwezi ni limbikizi: la mwezi huu limebeba yote ya miezi iliyopita ya toleo hilo. Tumeona watu wanapakua ya Januari, Februari, Machi, wakapanga foleni. Chukua la mwisho tu. Mfano, kwa Windows 10 toleo la 22H2, sasisho namba KB5066791 la 14 Oktoba 2025 linaipeleka mashine hadi 19045.6456 kwa mruko mmoja. Mashine iliyobaki kwenye toleo la zamani, tuseme 1909, hailipokei kabisa. Hiyo inatakiwa ipandishwe kwanza kwa faili la ISO (Windows nzima katika faili moja) la 22H2, ambalo linazidi gigabaiti nne, kwa hiyo flashi iliyofomatiwa FAT32, mpangilio usiopokea faili moja linalozidi gigabaiti nne, haitalibeba hata kama ina gigabaiti 64 tupu. Ifomati iwe exFAT au NTFS.

Faili likishuka, litazame jina lake. Mwishoni, baada ya x64 na kistari cha chini, kuna mlolongo wa herufi na tarakimu arobaini. Hazikuwekwa kwa urembo, ni alama ya kidole ya faili. Nenda kwenye dirisha la amri, andika certutil -hashfile, acha nafasi, taja njia ya faili, acha nafasi, malizia SHA1. Mlolongo utakaotokea ufanane na ule wa kwenye jina, herufi kwa herufi. Kama kuna hata moja iliyotofautiana, faili lilikatika njiani au limechezewa, lipakue upya. Kazi hii haifiki dakika moja, na kwa mtandao wetu unaokatikakatika ndiyo inayotofautisha fundi na mbahatishaji. Kuna simu ambazo hubadilisha jina la faili refu wakati wa kuhamisha. Basi nakili mlolongo huo pembeni kabla ya kuhamisha.

Flashi nayo ichunguzwe kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kuichomeka mashine ya pili. Flashi za steshenari zetu zinatembea kuliko daladala za Mikindani, na kile kirusi cha shotikati hakijaisha. Faili lihamishie kwanza kwenye diski C, usiliendeshe likiwa kwenye flashi, mtu akiichomoa katikati umeharibu kazi.

Mambo matatu yatangulie. Kwanza nafasi: kwenye C ziwepo angalau gigabaiti 10 tupu kwa sasisho la mwezi na 20 kwa kupandisha toleo. Ikipungua utakutana na 0x80070070. Safisha kwa cleanmgr, bonyeza "Clean up system files", uchague mabaki ya masasisho ya zamani. Folda ya WinSxS usiifute kwa mkono hata ukiiona kubwa namna gani, ndiyo ghala la vipande vya mfumo wenyewe. Pili umeme: laptopu iwe imechomekwa na betri ina chaji, kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS inayoshika. Tatu saa. Laptopu za mtumba nyingi betri ndogo ya saa, ile CR2032 ya volti 3, imekufa, basi kila ikiwashwa inarudi mwaka wa nyuma huko. Kompyuta inayodhani iko mwaka 2015 inavikataa vyeti vya usalama vya seva, na mtandaoni inakupa 0x80072F8F. Watu wanabadilisha laini ya simu, wanabadilisha kivinjari, kumbe dawa ni betri ya saizi ya sarafu.

Kuweka kwenyewe hakuna ugumu: bofya mara mbili faili la .msu, kubali, subiri, washa upya. Kwa Windows 11 toleo la 24H2 kuna kona moja. Microsoft ilianza kuyajenga masasisho juu ya vituo, yaani masasisho ya msingi yanayotakiwa kutangulia, na kituo cha kwanza ni KB5043080 cha Septemba 2024. Katalogi ikikuonyesha mafaili mawili kwa sasisho moja, pakua yote mawili, yaweke kwenye folda moja isiyo na kitu kingine, mathalani C:\sasisho, kisha kwenye dirisha la amri la msimamizi tumia DISM, chombo cha Windows cha kuweka na kutengeneza vipande vya mfumo: DISM /Online /Add-Package /PackagePath: ukifuatisha bila nafasi njia ya lile faili jipya. DISM italitafuta la kituo yenyewe humohumo. Ukiwa na lile jipya peke yake kwenye mashine isiyo na kituo, litakataa.

Asilimia ikisimama msikimbilie kitufe cha kuzima. Kwenye diski ya kuzunguka ya zamani, saa mbili si ajabu. Tazama taa ya diski: kama inapepesa, kazi inaendelea. Ikisema inarejesha mabadiliko, iache irejeshe, na ukikatiza hapo ndipo mashine inapogoma kuwaka. Ikigoma, ukiiwasha ikashindwa mara tatu mfululizo itaingia yenyewe kwenye mazingira ya uokoaji. Pita "Troubleshoot", kisha "Advanced options", kisha "Uninstall Updates", uondoe sasisho la karibuni la ubora ("quality update"), yaani lile la mwezi. Mafaili yako hayaguswi. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker (kufuli la diski la Windows) utaulizwa ufunguo wa tarakimu 48, kwa hiyo ufunguo huo uwe umeandikwa mahali kabla ya kuanza, si baada ya.

Kwa makosa mengine, anza na ujumbe wa kwamba sasisho halihusu kompyuta yako. Huo mara nyingi si ugonjwa: umechukua la toleo lisilo lako, au x86 badala ya x64, au mashine tayari inalo jipya zaidi. Rudi winver.

Kama upakuaji wa mtandaoni unazunguka bila kufika, simamisha huduma kwa net stop wuauserv na net stop bits, badili jina la folda kwa ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old, kisha ziwashe tena kwa net start wuauserv na net start bits. Windows itajitengenezea folda mpya. Ukishaona mambo yameenda sawa, ile ya zamani ifute, inakula nafasi.

Kosa 0x80073712 maana yake vipande vya ghala la mfumo vimeharibika, aghalabu kwa umeme kukatika katikati ya kazi. Hapa mpangilio una maana: kwanza DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ndipo sfc /scannow, inayokagua na kurekebisha mafaili ya mfumo. Wengi wanaanza na sfc. Lakini sfc huchota vipande vizima kutoka kwenye ghala hilohilo, na kama ghala lenyewe ni bovu itachota ubovu. DISM inaweza kusimama kwenye asilimia 62.3 kwa muda mrefu, iacheni. Ikimaliza kwa 0x800f081f, imekosa chanzo cha vipande. Fungua ISO ya toleo lilelile kwa kuibofya mara mbili, itajitokeza kama diski, tuseme E. Angalia kwa DISM /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim namba ya aina ya Windows yako, Home au Pro, kisha rudia amri ya mwanzo ukiongeza /Source:wim:E:\sources\install.wim:6 /LimitAccess, na pale penye 6 weka namba uliyoiona. Ukikuta install.esd badala ya install.wim, badilisha pote pawili, na neno wim: liwe esd:.

Lile 0x80070643 lililosumbua Windows 10 tangu Januari 2024 kwa KB5034441 lilitokana na sehemu ya uokoaji ya diski kuwa finyu. Ilihitaji megabaiti 250 tupu. Kuipanua kunahusu kukata na kufuta sehemu za diski. Asiyeijua amwachie anayejua, na kabla ya hapo anakili mafaili yake kwingine.

Kuhusu Windows 10 yenyewe, masasisho ya bure ya kawaida yalikoma 14 Oktoba 2025, Siku ya Nyerere, msimu wa korosho ukiwa ndiyo unafunguka. Ya baada ya hapo ni ya mashine zilizojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza, ambao kwa watu binafsi uliwekwa hadi 13 Oktoba 2026 na unataka toleo la 22H2. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM gigabaiti 4, diski gigabaiti 64, na kwa Intel prosesa ya kizazi cha nane kuendelea. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa sasa hazifiki. Mnunuzi aulize kabla ya kutoa hela: baada ya jina kama i5, tarakimu zikianza na 6 au 7, hicho ni kizazi cha sita au cha saba.

Kwa makarani wa vyama vya msingi, masasisho hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa mbili au saa tatu usiku kwa saa za kwetu. Msiyaweke usiku huohuo, wala siku ya kuamkia mnada. Subirini wiki moja, kama lina kasoro kubwa litakuwa limeshajulikana. Jaribuni kwenye mashine moja isiyoshika hesabu za wakulima, ikikaa salama siku mbili muendelee na nyingine.

Na mkikwama, mkimpigia fundi msimwambie "imegoma." Msomeeni namba ya kosa yote, ile 0 ya mwanzo ni sifuri si herufi O, mumtajie toleo na muundo wa winver, namba ya KB mliyokuwa mnaweka, na gigabaiti zilizobaki kwenye C.

Mafundi kompyuta,
Mtwara Mjini