Kampuni yapiga kura za wenye wiki, nasi twanyimwa daftari

Ndugu Mhariri,

Naomba unifikishie suala hili kwa mwanasheria wa safu yenu, kwa kuwa linawahusu pia ndugu walioko nyumbani ambao wamenunua wiki za mapumziko huku Florida na huenda hawajui kura zao hupigwa na nani.

Mimi na mke wangu tunamiliki nyumba moja katika jengo la ghorofa 4 karibu na Kissimmee. Jengo lina nyumba 40. Kati ya hizo, 24 zina wamiliki wa kawaida wanaokaa humo au kuzipangisha, na 16 ni za zamu, yaani kila moja imegawanywa kwa wiki za mwaka na kila wiki ikauzwa kwa mtu wake. Sote tumo katika jumuiya moja ya wamiliki, yenye bodi moja na mfuko mmoja. Hati iliyoanzisha jumuiya, ambayo imesajiliwa kaunti, inasema kwamba kila nyumba ina kura moja, na kwamba kura ya nyumba ya zamu hugawanywa sawa kwa wiki zake 52.

Mpango huo wenyewe siulaumu. Ninacholalamikia ni jinsi kura hizo zinavyokusanywa. Mtu mwenye wiki moja hawezi kupanda ndege kuja kusikiliza bajeti, kwa hiyo hutumiwa fomu ya uwakilishi, yaani ya kumruhusu mtu mwingine ampigie kura. Shemeji yangu aliyeko Nairobi, mwenye wiki moja ya Februari katika jengo letu, alinionyesha fomu yake. Ilikuja katika bahasha moja na bili ya ada ya mwaka, jina la mwakilishi likiwa limeshapigwa chapa, naye ni mtumishi wa kampuni iliyojenga. Kisha inafuata sentensi moja inayompa mwakilishi huyo uwezo wa kuamua mambo yote yatakayofika mbele ya mkutano. Pa kusema ndiyo au hapana hapapo. Pa kutia sahihi papo, tena pamewekewa alama kubwa ya msalaba. Kampuni hiyo hiyo bado inashikilia wiki ambazo hazijauzwa, na meneja wa jengo anatoka katika kampuni yake tanzu.

Katika mkutano mkuu wa Machi iliyopita, mwakilishi huyo alipiga kura 16 kamili, kana kwamba hakuna mwenye wiki hata mmoja aliyeacha kurudisha fomu. Upande wetu tulikuwa wachache, na mchango maalumu, yaani tozo la ziada juu ya ada ya kawaida, ukapita. Akiba ya kukarabati paa na nguzo siipingi: tangu jengo la makazi la Surfside, karibu na Miami, lilipoporomoka Juni 2021 na kuua watu 98, sheria ya Florida imezibana jumuiya za majengo ya ghorofa 3 na zaidi, na ni haki. Ila ndani ya mchango ule yamechomekwa makochi, magodoro na televisheni za nyumba za zamu.

Niliandika barua rasmi nikiomba kuona fomu za uwakilishi, orodha ya waliohudhuria na hesabu ya kura. Meneja alijibu kwamba daftari la wenye wiki, yaani orodha ya majina na anwani zao, ni siri kisheria, na kwa sababu hiyo fomu nazo hazionyeshwi. Nilisoma sheria zenyewe, nikazidi kuchanganyikiwa. Sura ya 718 ya sheria za Florida, inayosimamia majengo ya namna yetu, inampa kila mwanajumuiya haki ya kukagua kumbukumbu, zikiwamo karatasi za kura na fomu za uwakilishi, ndani ya siku 10 za kazi tangu ombi la maandishi lipokelewe, na hata kuzipiga picha kwa simu yake bila malipo. Jumuiya ikikaidi, fidia ya chini ni dola 50 kwa siku, kwa siku zisizozidi 10, fedha ambazo zitatoka katika mfuko ule ule tunaouchangia sisi. Sura ya 721, ya nyumba za zamu, kweli inakataza daftari la wenye wiki kutolewa, lakini inamlazimu msimamizi kuwatumia wote barua ya mwenzao kwa gharama ya mwombaji, ndani ya siku 30, iwapo inahusu shughuli halali za jumuiya, kama vile kuomba uwakilishi au kumwondoa mjumbe wa bodi. Anayeamua kama barua inafaa ni bodi, hata pale barua inapotaka bodi hiyo iondolewe!

Nauliza, basi. Je, mmiliki wa kawaida kama mimi, katika jengo la mchanganyiko, ananyimwa fomu za uwakilishi kwa kisingizio cha siri ya daftari, au meneja alipaswa kunionyesha fomu hizo na kuficha anwani tu? Pili, sura ya 718 inakataza uwakilishi wa jumla, yaani wa kumwachia mwakilishi aamue atakavyo, katika mambo mengi ya nyumba za makazi, na inakataza kabisa uwakilishi katika uchaguzi wa bodi, isipokuwa kwa jumuiya za nyumba za zamu. Jumuiya yetu, ambayo nyumba 24 kati ya 40 ni za kawaida, inahesabiwa upande gani? Mchango ule na wajumbe waliochaguliwa siku ile wanasimama au kuanguka kwa jibu hilo.

Shemeji yupo tayari kuandika ombi la barua kutumwa kwa wenye wiki wenzake, kwa kuwa yeye ni mnunuzi wa wiki na mimi siye. Je, aanze yeye, au nitangulie mimi kulalamika kwa idara ya jimbo inayosimamia majengo haya na nyumba za zamu? Naomba jibu lisichelewe, kwa sababu sheria inaitaka jumuiya itunze karatasi za kura kwa mwaka mmoja tu tangu siku ya mkutano.

Wako,
Msomaji, Kissimmee, Florida