Jumamosi hii: Detour ya 1945

Habari za jioni ndugu zangu. Jumamosi saa 2 usiku tunaangalia Detour ya mwongozaji Edgar G. Ulmer, haifiki hata dakika 70. Mmoja wenu aliniuliza kwa nini nahangaika kusaka sinema za uhalifu zilizosahaulika ilhali mpya zimejaa tele. Jibu langu ni sinema hii. Ilitengenezwa na PRC, studio ndogo ya Hollywood iliyofanya kazi kwa fedha za kuungaunga, na ukata wenyewe unauona: mtaa wa New York umefunikwa ukungu mzito, maana mtaa haupo! Tazameni pia pale Al, mhusika mkuu, anapoomba lifti. Picha imegeuzwa kulia kuwa kushoto, kama kwenye kioo, basi magari ya Marekani yanapita kushoto kama ya kwetu.

Hakimiliki ya sinema hii haikuhuishwa, yeyote aliweza kuinakili, ndiyo maana kwa miaka mingi zilizagaa nakala mbovu, mikwaruzo mitupu. Nilipopata ile iliyosafishwa mwaka 2018, nilimwona mwigizaji Ann Savage kama kwa mara ya kwanza. Yale macho jamani!

Mwenye nakala ya zamani aje nayo tulinganishe.