Tarehe ya fidia ya goti isipotee bure

Mhariri,

Ndugu zetu waliotumikia jeshi la Marekani wanapoteza fidia ya ulemavu ya miezi mizima kwa kukosea tarehe tu. Inauma, maana inazuilika.

Fidia huhesabiwa tangu siku Idara ya Maveterani ilipopokea dai, au siku ulemavu ulipotimiza masharti, yoyote iliyokuja baadaye. Ukidai ndani ya mwaka 1 baada ya kuacha jeshi, huhesabiwa tangu siku inayofuata ya kuacha. Basi usingoje faili la hospitali: tanguliza fomu 21-0966 ya kusudio la kudai, ikushikie tarehe, kisha ujaze 21-526EZ, fomu ya dai lenyewe, ndani ya mwaka 1 tangu kusudio lipokewe.

Goti ambalo Idara imekwisha kulikubali kuwa liliumia jeshini likizidi kuwa baya, tarehe yaweza kurudi nyuma, ila kwa ushahidi. "Goti linauma" haitoshi. Daktari aandike vipimo. Kukunja kukiishia nyuzi 45, kiwango cha ulemavu ni asilimia 10; kukiishia nyuzi 30, ni asilimia 20. Kipimo kikionyesha lilizidi Machi 12, nawe ukadai Oktoba, kiwango kipya huhesabiwa tangu Machi 12 na malipo yake Aprili 1. Lakini likiwa lilizidi zaidi ya mwaka kabla ya dai, hupati siku hata moja ya nyuma.

Ukikataliwa, peleka dai la nyongeza (supplemental claim) lenye ushahidi mpya ndani ya mwaka 1 tangu uamuzi wa kukataliwa ili tarehe ya awali ibaki.

Msaidizi wa madai ya maveterani,
Dallas, Texas