Nakuja na begi la mkononi tu

Utrecht, 30 Julai 2022

Shoga yangu wee, salaam aleikum. Umzima? Watoto wazima? Mguu wa mama unaendeleaje, bado anakandwa na yule bibi au kakubali kwenda hospitali? Mie mzima ila kichwa kimejaa ndege, mwezi mzima sasa nalala na ndege naamka na ndege, nikifumba macho naona foleni. Zile voisi noti zako nimezisikiliza zote tatu nikashindwa kujibu, maana maneno ni mengi na mie nikianza kuongea nasahau nusu, kwa hiyo nimeona bora nikuandikie kama zile barua tulizokuwa tunaandikiana ulipokuwa bweni. Tafuta chai ukae.

Umeniuliza kitu kimoja tu, nakuja au siji huko Tanga kwenye harusi ya mdogo wangu. Nakuja. Ila usikimbilie kutangaza barabara nzima, soma kwanza mpaka chini maana kuna masharti na mengine yanakuhusu wewe.

Mambo ya huku mnayaona kwenye simu mnadhani watu wanakuza. Hawakuzi mwaya. Wakati wa korona viwanja vya ndege na mashirika walipunguza watu kazini, wengine wakaondoka wenyewe wakapata kazi za maghala na za kupeleka vifurushi, zina malipo afadhali na huamki saa tisa usiku. Sasa mwaka huu dunia nzima imeamua kusafiri kwa mpigo na wale watu hawajarudi. Hakuna wa kukagua, hakuna wa kubeba. Pale Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, ilianza Aprili, wabeba mizigo wa KLM, shirika la ndege la Uholanzi, waligoma tarehe 23 bila kutoa taarifa kwa sababu sehemu ya kazi yao inapewa kampuni nyingine, siku moja tu hiyo uwanja ukashikika mpaka wakawaambia watu wasije kabisa. Baadaye wakaweka kikomo cha abiria kwa siku na mashirika yakaambiwa yapunguze safari. London nao Heathrow tarehe 12 mwezi huu wametangaza abiria laki moja tu kwa siku wanaoondoka, mpaka Septemba, na mashirika yakaombwa yaache kuuza tiketi za kiangazi. Umewahi kusikia muuza duka anaomba wateja wasije? Brussels tarehe 20 Juni haikuruka ndege hata moja ya abiria kutoka pale, walinzi wa ukaguzi walikuwa kwenye mgomo wa nchi nzima. Na juzi Jumatano wafanyakazi wa ardhini wa Lufthansa, shirika la Wajerumani, wakagoma, safari zaidi ya 1,000 zikafutwa.

Lakini foleni sio iliyonitisha, foleni mie naijua, tumepanga foleni ya maji tangu wadogo. Kilichonitisha ni mizigo. Delta walirusha ndege kubwa kabisa kutoka Heathrow mpaka Detroit haina abiria hata mmoja, imebeba mabegi 1,000 ya watu waliokwishafika Marekani kitambo. Mwenzangu kazini aliweka kwenye begi lake kile kidude cha Apple cha kufuatilia vitu, wiki mbili akawa anaangalia kwenye simu begi limelala Schiphol palepale, yeye yuko Hispania anafua nguo ile ile kila usiku.

Na mie mwenyewe yalinikuta Mei ila sikukwambia kwa aibu. Nilikwenda Birmingham kwenye arobaini ya mtoto wa yule wifi yangu wa kule, nikakaanga visheti usiku kucha, vizuri kweli, nikavipanga kwenye kopo la biskuti nikavifunga na kitenge ndani ya sanduku. Foleni ilianzia nje ya jengo, masaa manne na nusu, tunasogea hatua tatu tunasimama, kuna mzee mmoja mbele yangu alikalia begi lake mpaka likapasuka zipu. Ndege nikaiwahi kwa kukimbia viatu mkononi. Sanduku halikuiwahi. Shirika sitolitaja, walinipa karatasi yenye namba na namba ya simu isiyopokelewa, sanduku likaja kuletwa mlangoni kwangu Utrecht siku ya 19, mie nshamaliza arobaini nshasahau. Kufungua kopo, visheti vimeota manyoya ya kijani. Nikakaa sakafuni nikacheka peke yangu, halafu nikalia kidogo, sijui kwa nini, ni visheti tu.

Nikamuuliza yule jirani yangu wa ghorofa ya chini, Mkongo wa Bukavu, anafanya kazi huko huko ya mizigo. Ananiambia zile ndege ndogo za Ulaya mabegi yanapangwa moja moja kwa mkono, ndani ya tumbo la ndege mtu mzima huwezi kusimama, unapiga magoti unayapokea unayasukuma nyuma, begi kilo 23, lingine kilo 30, na zamani walikuwa watu wanne kwenye ndege saivi wakati mwingine wako wawili. Muda wa ndege ukifika rubani hasubiri, linaloingia limeingia. "Njo vile, dada," na magoti yake akanionyesha, yamevimba kama ya mama. Tangu siku hiyo nikiona begi limebaki situkani wabebaji.

Haya, turudi kwenye tiketi. Nilikata Januari kwa euro 980, hiyo ya moja kwa moja inayopita KIA, Kilimanjaro, kwanza halafu Dar, ya tarehe 17 Agosti. Wiki mbili hizi nimepiga hesabu kila namna. Kupitia Nairobi ningepata bei nafuu kidogo lakini wenzetu uchaguzi wao tarehe 9 na sitaki kubadilisha ndege siku hizo, na pia kila unapobadilisha ndege ni mahali pengine pa kupoteza begi. Kwenda Brussels nipande ya Addis, nshakwambia ya Brussels. Doha, Istanbul, zote naanzia Schiphol ile ile foleni ile ile. Kusubiri mpaka Oktoba mambo yatulie, ndivyo kaka yangu alivyonishauri, eti harusi utaona video. Alivyosema video ndio nikakata shauri.

Wewe unajua. Aprili 2020 baba alipofariki ndege za abiria kuingia nyumbani zilikuwa zimesimamishwa, na hata zingekuwepo huku kwenyewe tumefungiwa. Wewe ndio ulishika simu pale mlangoni jeneza likitoka, mkono unakutetemeka, mie naona miguu ya watu na kanzu na kipande cha ukuta wa nyumba yetu, nasikia lailaha inakwenda inafifia mpaka kona, halafu ukageuza simu ikabaki sura yako. Mdogo wangu wa mwisho anaolewa, sitaki tena kuona miguu ya watu.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Nimesogeza safari kutoka tarehe 17 kwenda Jumamosi tarehe 13, nimelipa euro 140 za kubadilisha, uchungu lakini harusi ni tarehe 20, hata wakinichelewesha siku tatu nafika. Bosi wangu pale nyumba ya wazee alinuna kwanza halafu akanipa, na yeye likizo yake imefutwa mara mbili. Na tiketi siifuti mwenyewe hata iweje. Sheria ya Ulaya iko hivi: wao wakifuta safari wakiwa wamebakiza chini ya siku 14, basi kwa umbali kama wa huku na Dar ni euro 600 za fidia, juu ya kukutafutia ndege nyingine au kukurudishia nauli. Ukiifuta mwenyewe kwa woga umekula hasara. Leo ndio siku 14 zenyewe, tangu asubuhi kila simu ikilia naruka, barua pepe haijaja. Kuna ujanja wao, mgomo ukiwa wa walinzi wa uwanja wanasema si kosa letu na fidia hupati, lakini chakula na hoteli lazima wakupe. Watu wengi hawajui wanalala sakafuni na njaa wakati ni haki yao. Risiti zote ntatunza, mie na karatasi unanijua.

Ndege inaondoka saa nne asubuhi. Wanasema usifike zaidi ya masaa manne kabla, maana watu walianza kufika alfajiri kwa ndege za jioni na kuziba njia wenyewe. Basi ntapanda treni ya saa kumi na moja na nusu, nusu saa niko pale. Kadi ya chanjo ninayo, tangu Machi nyumbani hawadai kipimo kwa aliyechanja kamili. Dar natua kama saa nne tano usiku, nalala kwa mama mdogo Ubungo, asubuhi Mbezi stendi, jioni niko Ngamiani inshallah. Na sensa tarehe 23 itanikuta kwenu, nihesabiwe kwetu kwa mara moja.

Sasa hapa ndipo nakuomba. Sanduku kubwa siji nalo. Naja na begi la mkononi na mkoba basi, kilo 12 vyote pamoja, hakuna kitu ntakachomkabidhi mtu kaunta. Najua. Mtu katoka Ulaya miaka minne hajaonekana anashuka kwenye basi na kibegi kama anatoka Korogwe. Shangazi wa Pangani anasubiri blanketi, mjomba alitaka saa ya ukutani, na wale wa barabara ya 14 huwajui kwa maneno? Hata wa huku wamenuna, mama mmoja wa Den Haag alishaniletea sufuria la presha nimpelekee dada yake, kaka mwingine wa Rotterdam laptopu mbili na viatu vya mpira vya mwanawe, Jumapili yote nilishinda kwenye treni narudisha vitu vya watu, narudisha na kuomba radhi.

Nakutumia laki mbili na nusu kwa simu Jumatatu. Nunua doti 14 za khanga, nzuri, zisiwe zile zinazotoa rangi, na majina uchague wewe kwa busara, yasije yakawa ya mafumbo shangazi akadhani nampiga kijembe. Zinazobaki nauli yako ya bodaboda. Uziweke kwako, mie nikifika tunazigawa kama zimetoka sandukuni. Akiuliza mtu sanduku liko wapi mwambie linakuja nyuma, na huo si uongo sana, mwaka huu masanduku yote ya Ulaya yanakuja nyuma.

Kwenye begi nini kinaingia: dawa za presha za mama za miezi mitatu, nguo zangu mbili, na gauni la bibi harusi. Nimelipima kwenye mizani ya bafuni, kilo tatu na nusu na shela lake. Lilikuwa halikunjiki kabisa, lile sketi limejaa wavu tabaka sita, nikajaribu kulikalia, haikusaidia. Mwisho nikalitia kwenye ile mifuko ya plastiki unayonyonya hewa kwa mashine ya vumbi, likanywea mbele ya macho yangu shhhhh mpaka likawa unene wa mkate, nikaogopa nikazima. Linaenea. Lakini likifunguliwa litakuwa na mikunjo mia na moja.

Kwa hiyo mpitie yule fundi wa barabara ya 7 mwenye pasi ya mvuke, mwambie Jumatatu tarehe 15 asichukue kazi nyingine, na upindo wa chini asiguse mpaka mwenyewe alivae na viatu. Hela yake ntampa mkononi. Na ikitokea wamenikwamisha ntakupigia usiku huo huo, simu yako usiiweke kimya.

Bibi harusi usimwambie kwamba nimelikunja. Wala nimelikalia.

Wako,
shoga yako wa barabara ya 12