Barua kwa Mwanangu Somoe: Kuhusu Safari Yenu ya Kuzamia Ghuba ya Mnazi

Mikindani, Mtwara

Mwanangu mpendwa Somoe,

Pokea salamu zangu na za mama yako, sote tu wazima. Barua yako imefika pamoja na ratiba ya safari, nami nimeisoma kwa makini. Nimefurahi kwamba wewe na wenzako mmeamua kuja kuzamia kwenye miamba ya nje ya Ghuba ya Mnazi, badala ya kwenda Unguja au Mafia wanakokwenda watu wote. Hata hivyo, yako mambo mawili katika ratiba hiyo ambayo sikubaliani nayo, na kwa kuwa niliifanya kazi ya ubwana samaki katika pwani hii mpaka nilipostaafu, naomba uniruhusu niyaeleze kwa urefu kabla hamjalipia boti.

La kwanza ni siku mlizozichagua. Mwezi wenyewe, Oktoba, ni mzuri, wala sina neno juu yake: kusi inakuwa imelegea, kaskazi haijashika, na wazee hukiita kipindi hicho tanga mbili kwa sababu upepo hauna upande maalumu. Mvua zinazoujaza Mto Ruvuma matope nazo zinakuwa hazijaanza. Kosa ni kwamba mmeiweka safari katika mwezi mpevu ili, kama ulivyoandika, usiku wa kisiwani upendeze. Usiku utapendeza kweli, lakini mchana mtakuwa katikati ya bamvua. Siku hizo tofauti ya maji kujaa na maji kupwa huku kwetu hupita mita tatu, na maji yote hayo lazima yaingie na kutoka ghubani kupitia milango iliyopo kati ya visiwa na miamba. Yanapotoka hubeba tope la mikokoni, na mkondo wake humchukua mzamiaji hodari akajikuta nje kwenye bahari kuu kabla hajaangalia saa. Sogezeni safari hadi maji mafu, yaani tarehe ya saba au ya nane ya mwezi mwandamo, au ishirini na moja na ishirini na mbili, kisha mshuke maji yanapokaribia kujaa kabisa, kwa kuwa wakati huo maji safi ya bahari kuu yanakuwa yamekwisha kuingia na mkondo umetulia. Najua kwamba wageni walio kwenye kundi lenu wamekwisha kuomba ruhusa kazini kwao na hawapendi kubadilisha tarehe. Waeleze tu kwamba ratiba ya huku huandikwa na mwezi.

Usidhani kwamba mkondo ni adui peke yake, kwani bila huo pasingekuwa na kitu cha kuja kutazama. Upo mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki kwenda magharibi, kusini mwa ikweta, nao huigonga Afrika karibu na hapa tulipo, kwenye eneo la Rasi ya Delgado, kisha hugawanyika: sehemu moja hupanda kaskazini kuelekea Mafia, Unguja na Kenya, na nyingine hushuka kusini kupitia Msumbiji. Mayai na vitoto vya matumbawe na samaki husafiri ndani ya maji hayo. Ndiyo maana wataalamu huihesabu miamba ya mpakani hapa kuwa miongoni mwa chimbuko la uhai wa miamba mingine ya Afrika Mashariki, na ndiyo maana Serikali iliitangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mwaka 2000, yenye eneo la kilomita za mraba 650, vijiji vya watu vikiwa ndani yake. Pitieni ofisi ya hifadhi mlipe ada na mpate kibali kabla ya kwenda Msimbati. Jambo hilo si la kuachiwa dakika ya mwisho.

La pili ni kina. Ratiba inasema mtashuka mita 30 kila siku, na naona kwamba namba hiyo imeandikwa kwa fahari zaidi kuliko kwa faida. Matumbawe ni wanyama, lakini wengi wao hulishwa na mwani mdogo mno unaoishi ndani ya miili yao, na mwani huo hauwezi kuishi bila jua. Kwa hiyo msongamano mkubwa wa uhai uko juu, penye mwanga. Ukishuka, rangi nyekundu hupotea kwanza, na kufikia mita 30 karibu kila kitu ni buluu na kijivu mpaka uwashe tochi. Hewa nayo huisha upesi. Kila mita 10 huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, hivyo kwenye mita 30 kila pumzi inakula mtungi mara nne kuliko juu ya maji, na mara mbili kuliko kwenye mita 10. Mtungi uleule ungekupa muda maradufu kwenye maji ya kina kidogo, na muda ndio unaoutaka, kwa sababu mwamba haujioneshi kwa mtu anayepita.

Chagua jiwe moja, Somoe, ukae mbele yake bila kuligusa. Mwanzoni utaona vitatange na kundi la changu, basi. Baada ya dakika chache samaki watakuzoea, na hapo mambo yataanza. Chewa mkubwa atakuja kusimama, akafungua kinywa na mashavu, na visamaki vyembamba vyenye mstari mweusi vitaingia mpaka kati ya meno yake kumtoa wadudu. Naye, ambaye angeweza kuvimeza vyote kwa mkupuo mmoja, atatulia kama mzee kwa kinyozi. Mkunga atachungulia tundu lake. Utasikia sauti ya kukwaruza, nayo ni pono anayetafuna mwamba kwa mdomo wake mgumu ili apate mwani. Mawe anayoyameza huyasaga akayatoa yakiwa mchanga mweupe, na sehemu kubwa ya mchanga wa fukwe za miamba ya matumbawe hupatikana kwa njia hiyo. Visamaki vya rangi ya chungwa vinavyoishi ndani ya mnyama mwenye minyiri inayowasha vitakutolea ukali ukikaribia, na aliye mkubwa kuliko wote hapo ni jike: akifa, dume anayemfuatia kwa ukubwa hugeuka kuwa jike na kushika nafasi yake.

Kasa utawaona pia, na usiwachanganye. Ng'amba ana mdomo mwembamba uliopinda kama wa ndege, nawe utamkuta akichokoa sifongo kwenye nyufa; kasa wa kawaida ana kichwa cha duara na hupenda malisho ya majani bahari upande wa ndani. Msimkimbize yeyote kati yao kwa ajili ya picha, kwa kuwa huvuta hewa juu kama sisi, na anayehangaishwa chini huishiwa pumzi.

Ukiwa umetulia hivyo, sikiliza. Kati ya Julai na Novemba nyangumi wenye nundu hupita huku kuzaa na kupandana, wakitoka kwenye maji ya baridi ya Antaktika, na madume huimba. Sauti majini husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, kwa hiyo huwezi kujua imetoka upande gani wala huna haja ya kumwona mwimbaji ili umsikie. Mimi ningetoa mizamio mitano ya mita 30 nipate mmoja wa namna hiyo.

Mwenzako ameuliza kuhusu silikanti. Ni kweli kwamba samaki huyo, aliyedhaniwa ametoweka tangu zama za dinosaria mpaka alipotambuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, alinaswa pia hapa jirani, Songo Mnara katika Wilaya ya Kilwa, mwaka 2003. Lakini makao yake ni mapango yaliyo chini ya mita 100, ambako mtungi wenu wa kawaida haufiki, basi mwambie aachane na ndoto hiyo.

Mtaona na makovu. Penye duara la kifusi kijivu, vipande vimelala kama vilivyoanguka, hapo palipigwa baruti. Matumbawe machanga hushindwa kuota hapo kwa sababu kifusi hugeuzwa na kila wimbi, na kwa hiyo mlipuko wa sekunde moja huonekana miaka mingi baadaye. Hapa Mikindani mengine yalichimbwa yakachomwa kuwa chokaa ya kujengea. Na mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe yaliutema ule mwani yakapauka, na miamba mingi ya Tanzania ikaumia. Piga picha za sehemu hizo vilevile, pamoja na matumbawe mapya yaliyoota pembeni yake, kwa sababu picha za samaki wazuri tupu hazisemi hali ya mwamba.

Kuhusu usalama sitarudia uliyofundishwa, isipokuwa machache: usizuie pumzi hata mara moja, panda polepole, simama dakika tatu kwenye mita 5 kabla ya kutoka, na kila mmoja awe na filimbi na boya la kupuliza la rangi ya chungwa. Chumba cha kumtibia mtu aliyeingiwa na mapovu ya naitrojeni damuni kiko mbali sana nasi. Boti iendeshwe na nahodha wa Msimbati, wala asiwe mtu aliyeletwa kutoka mjini. Yeye anaijua milango ya Namponda na Membelwa hata maji yakiwa yameifunika miamba. Akisema leo hatutoki, msibishane naye. Na tiketi ya ndege ya kurudi Dar es Salaam iwe ya kesho yake, kwa kuwa mtu aliyezamia siku kadhaa anatakiwa kungoja angalau saa 18 kabla ya kuruka.

Nijibu mapema kuhusu tarehe mpya, maana nahodha ninayemfikiria huchukuliwa na wavuvi wa pweza bamvua inapoanza, na ningependa kuongea naye kabla hajajifunga. Mama yako anauliza kama wenzako wanakula muhogo wa nazi.

Ni mimi,
Baba yako