Barua kwa akina baba vijana wa Tanga: msimlaumu mama wa mtoto

Wanangu, assalaam aleikum.

Nawaandikia nikiwa na hasira, wala sitaificha. Katika mtaa mmoja wa Ngamiani kuna binti amerudishwa kwao, mtoto mgongoni na talaka mkononi. Kisa ni weupe ndani ya mboni ya jicho la kushoto la mwanawe. Ukimpiga picha kwa flashi, jicho moja linatoka jekundu, la pili linatoka jeupe. Mama mkwe akasema ukoo wa binti una mikosi. Shangazi akasema ni kijicho cha majirani. Mtoto akatiwa maji ya majani machoni wiki baada ya wiki, na baba yake, kijana aliyemaliza kidato cha nne, hakuuliza swali hata moja.

Nimesomesha baiolojia mkoani humu hadi nikastaafu, basi nisikilizeni. Ugonjwa ule unaitwa retinoblastoma, saratani ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, na wengi hugundulika kabla ya kutimiza miaka 5. Chanzo chake ni kuharibika kwa jeni, yaani agizo la urithi lililo ndani ya seli, iitwayo RB1, iliyoko kwenye kromosomu ya 13, moja ya nyuzi zinazobeba jeni.

Jeni hiyo sote tunayo, nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Hutengeneza protini inayokaa kama bawabu katika mzunguko wa seli. Seli haiwezi kugawanyika bila kwanza kunakili DNA yake, na protini zinazoianzisha kazi hiyo, ziitwazo E2F, bawabu huyu huzizuia. Mwili ukihitaji seli mpya, vimeng'enya humbandika kemikali ndogo iitwayo fosfeti, naye akaziachia. Seli ikishagawanyika, fosfeti huondolewa na zuio linarudi. Mtoto tumboni hujengwa hivyo: seli zinaongezeka panapotakiwa, kisha zinakoma na kuwa za jicho, za damu au za neva. Mwaka 1992 watafiti walionyesha kwamba panya wasio na jeni hii kabisa hufa wakiwa bado tumboni, damu na neva zao zimeharibika.

Sasa, nakala zote mbili zikiharibika katika seli moja ya retina changa, hakuna tena wa kuizuia, nayo huzaana hadi ikawa uvimbe. Alfred Knudson wa Marekani aliling'amua hilo mwaka 1971 kwa kulinganisha hesabu za wagonjwa. Wenye uvimbe macho yote mawili waliugua mapema zaidi, akasema hao huzaliwa na nakala moja tayari mbovu, hivyo hitilafu moja tu inatosha. Wengine huhitaji mbili. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1986.

Nionyesheni hapo mkosi wa mama uko wapi. Watoto wengi wenye ugonjwa huu hawakurithi chochote. Hitilafu zote mbili zimetokea ndani ya jicho lenyewe. Mzazi mwenye nakala mbovu, awe baba au mama, kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Na pale hitilafu inapoanza kwa mara ya kwanza katika mbegu za uzazi, mara nyingi zaidi hutokea kwenye mbegu ya mwanamume. Ndiyo, ya mwanamume! Mbona hatujasikia mume akirudishwa kwao?

Barazani tunajua nani kaumia Coastal Union na bei ya nazi imefika wapi, lakini kadi ya kliniki ya mtoto hatujui imewekwa wapi. Hata nyinyi wazee wenzangu mnaoletewa kesi hizi, mnaandika talaka bila kuuliza mtoto anaumwa nini. Aibu hii ni yetu sote.

Mkiona weupe kwenye mboni, au makengeza yaliyoanza ghafla, mpelekeni mtoto hospitali ya Bombo wiki hiyohiyo akaonwe na daktari wa macho. Msisubiri alie, mwanzoni hauumi. Msitie kitu chochote jichoni. Ndugu zake wachunguzwe, baba na mama pia.

Kuna jambo najua litawauma. Daktari anaweza kusema jicho litolewe. Nafahamu uzito wake, wanangu, na simlaumu mzazi atakayelia. Lakini msimtoroshe mtoto wodini. Uvimbe huo hufuata mshipa wa fahamu wa jicho kuelekea ubongoni, na ukishafika huko kumwokoa ni kazi ngumu sana. Ukiwahiwa ungali ndani ya jicho, watoto walio wengi hupona. Atawekewa jicho la bandia, atasoma, ataoa au kuolewa kama wenzake.

Na akishapona msipotee hospitali. Aliyezaliwa na nakala mbovu anayo katika mwili mzima, si jichoni tu, kwa hiyo ukubwani anaweza kupata saratani nyingine, hasa ya mifupa. Mguu ukimuuma na kuvimba bila sababu, asiambiwe ni mpira. Apelekwe, na daktari aambiwe habari ya lile jicho. Siku akipata mtoto wake, kichanga hicho kikaonwe na daktari wa macho katika wiki zake za kwanza, hata kama macho yake yanaonekana mazima.